Asiyeelewa wa Halmashauri ya Tamkoni

Nimekuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe imenizoesha kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana bila kuegemea upande wowote. Kwa hiyo Halmashauri ya Jiji la Tamkoni iliponiandikia barua kuniomba niende huko miezi mitatu, niwatafsirie matamko yao kwa ajili ya wageni, sikuona tatizo. Nilidhani wana lugha yao nisiyoijua. Nilipofika nikakuta sokoni, majumbani na misibani watu wanaongea Kiswahili kama mimi. Serikali yao tu ndiyo iliyokuwa na lugha nyingine.

Niliigundua lugha hiyo siku ya kwanza, pale afisa wa mapokezi aliponiuliza sababu ya safari yangu. Nikamwambia nimekuja kufanya kazi. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwa upole kwamba hiyo si sababu, hayo ni maongezi. Akanisaidia. Tulipomaliza, fomu yangu ilisema kwamba mwombaji anakusudia kutekeleza ushiriki wa kitaaluma wenye tija tambuka. Akaigonga mhuri, akanitakia siku njema kwa maneno ya kawaida kabisa.

Jiji hilo limekaa ubavuni mwa kilima. Juu ziko ofisi, barabara za lami na uwanja mkubwa uliosakafiwa kwa zege, unaoitwa Uwanja wa Matamko. Chini, pale mto Mshoro unapoingia tambarare, upo mtaa wa Bondeni, wenye watu wengi kuliko mitaa mingine yote ikijumlishwa. Kati ya juu na chini kuna kinamasi kilichoota mafunjo marefu kuliko mtu.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Mukhtari, Mpima Maneno Mkuu, mtu nadhifu, mpole, aliyenikaribisha chai ya tangawizi kila nilipoingia ofisini kwake. Ndiye aliyenifafanulia Sheria ya Hadhi ya Matamko. Alisema jambo la serikali lazima liwe na uzito, na uzito lazima upimwe. Kipimo chenyewe ni mtu, naye ana cheo: anaitwa Asiyeelewa. Kila tamko husomwa mbele yake mara moja, kwa mwendo wa kawaida. Asipoelewa, tamko limefuzu. Akielewa, anapiga kengele iliyo pembeni mwa kiti chake, na karatasi inarudishwa kwa walioiandika ikaongezwe uzito.

Nilimwuliza faida ya utaratibu huo ni nini.

"Jambo likishaeleweka na kila mtu, Bi Mkalimani, kila mtu atakuwa na maoni juu yake," alinijibu. "Sasa jiji utaliendeshaje?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini nyumba ina paa.

Aliyeshika cheo hicho wakati huo aliitwa Chande Mwinyikondo, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Bondeni, zamani fundi baiskeli. Alichaguliwa miaka kumi na miwili kabla sijafika, baada ya kusomewa nyaraka kumi na nane bila kuelewa hata moja. Alipewa sare ya kijani, kiti chenye mto na kengele yenye mpini wa mti. Akala kiapo kwamba ataketi kwa uaminifu na hatatafsiri neno lolote kwa mtu yeyote. Miaka saba ya mwanzo aliipiga kengele mara nyingi. Miaka mitano iliyofuata hakuipiga hata mara moja, na Halmashauri ikachukua hilo kuwa ushahidi kwamba uandishi wa serikali umepiga hatua.

Mimi nilipewa kiti karibu naye. Mkalimani huzoea kutazama nyuso, maana uso husema kabla ya mdomo. Katika wiki ya pili liliposomwa tamko la kuhamisha zahanati ya Bondeni, nikaona kope za Chande zikicheza palepale neno lilipotamkwa, wakati sentensi bado iko katikati. Mtu asiyeelewa husubiri sentensi iishe, kisha ndipo anashangaa. Nilinyamaza. Hakuna aliyeniuliza.

Wiki ya tatu nikakabidhiwa tamko la kinamasi. Bango lake lilikuwa limesimikwa Bondeni kwa zaidi ya mwaka. Liliandikwa hivi: "Ardhioevu hii ni miundombinu-hai ya ustahimilivu wa kihaidrolojia, na utwezaji wowote wa uwezo-hifadhi wake unakinzana na uendelevu jumuishi wa makaazi-teremko." Kazi yangu ilikuwa kuliweka katika lugha nyepesi, ambayo sheria iliiruhusu kwa wageni peke yao, kwa maelezo kwamba mgeni ataondoka.

Nililisoma mara kumi. Kisha nikamtafuta aliyeliandika, Mhandisi Shaibu Ngwali, mtu mrefu, mwenye haya, aliyeshughulika na mito kwa miaka ishirini. Nikamwuliza maana yake. Akaanza kunieleza, na yakatoka maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mama yake. Mwishowe akaniambia kwamba mama yake alishamwuliza swali hilohilo, naye alishindwa kumjibu. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Twende," alisema. "Nitakuonyesha."

Tulianzia juu, kwenye mdomo wa kinamasi, pale mto unapoingia. Maji yalikuja kutoka kwenye lami za kilimani, ya rangi ya udongo, yenye kasi, yamebeba chupa na majani. Yalipofika kwenye mafunjo yalilegea. Yakatawanyika huku na huku, yakanyamaza. Tukazunguka hadi upande wa chini, na huko nikaona yakitoka membamba na meupe, yakielekea Bondeni bila haraka.

Mhandisi akachomeka mkono kwenye mafunjo, akanionyesha alama ya tope kwenye mashina, usawa wa kifua chake.

"Mvua ya mwezi uliopita ilipandisha maji mpaka hapa," alisema. "Kule chini mto uliongezeka vidole viwili."

Kisha akanitazama kana kwamba sentensi hiyo imetamkwa na mtu mwingine. Baada ya hapo maneno yalimtoka kwa urahisi zaidi. Akaniambia zamani kinamasi kilikuwa kikubwa mara mbili. Nusu ya juu ilijazwa ili ujengwe Uwanja wa Matamko. Masika yaliyofuata, maji yakakosa pa kusubiri, yakashuka yote kwa pamoja, na Bondeni wakafa watu kumi na mmoja. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Ndipo yeye akaandika mpango: nusu iliyobaki iachwe, kuta za zege zilizobana mto huko juu zibomolewe, na kingoni kupandwe matete na mikuyu ili maji yatembee badala ya kukimbia. Madiwani waliupitisha kwa kauli moja. Karatasi yake ilipata alama za juu kabisa za uzito tangu Halmashauri iundwe.

Nilimwuliza lile rundo upande wa chini ni nini. Theluthi nzima ya kinamasi ilikuwa imefunikwa kwa matofali yaliyovunjika, mchanga na vipande vya zege. Bango lilisimama katikati ya kifusi hicho, na mtu alikuwa ameanika kanga mbili juu yake.

"Watu wa Bondeni," alijibu. "Wanapajaza."

Jambo hilo lilifika mbele ya baraza la madiwani siku mbili baadaye, nami nilihudhuria. Diwani mmoja alisema tatizo ni herufi za bango, ni ndogo. Wa pili akasema maneno ndiyo mepesi, akapendekeza yaongezwe mengine matatu. Wa tatu akataka uzio na askari. Mhandisi Shaibu akasimama, akaomba ruhusa ashuke Bondeni akawaambie watu kwa maneno aliyoniambia mimi. Madiwani wakatazama meza, kama watu waliomsikia mwenzao akiomba kuvua shati kikaoni. Bwana Mukhtari akamsomea kifungu kinachohusika, bila hasira. Kikao kikaamua liwekwe bango kubwa zaidi lenye yale maneno matatu. Likasomwa mbele ya Chande. Kope zake zikacheza, na kengele ikabaki kimya.

Alasiri ile nilishuka mwenyewe Bondeni, nikauliza ni nani anayesimamia kazi ya kujaza. Nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Sikitu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambayo watu walikuwa wakiitii. Alinikaribisha kitini, akanieleza yote nilipouliza, huku akiendelea kupinda sketi ya shule.

Mume wake, Mbwana, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Maji yaliingia saa tisa alasiri. Wote walikuwa wameshatoka nje, akarudi ndani kumtolea mkewe cherehani. Cherehani ilipatikana. Ndiyo hiyo aliyokuwa akishonea.

"Maji yalitokea kule kwenye mafunjo," alisema. "Tuliyaona kwa macho yetu. Tukakaa kikao, tukasema, tukipafukia pale, hayatakuwa tena na pa kutokea."

Kila Jumamosi, kila nyumba ilipeleka makarai manne ya kifusi. Walikuwa wamefanya hivyo mwaka mzima, hata wazee, hata waliofiwa. Jumamosi iliyokuwa inakuja wangeziba mdomo wa juu, na kazi ingekuwa imekwisha kabla ya masika. Nilimwuliza kuhusu bango. Akasema wengine wanaamini ni jina la aliyenunua kiwanja, na wengine wanasema ni ugonjwa.

"Nilimwuliza kaka yangu, yuko Halmashauri," akaongeza. "Akaniambia kazi yake ni kutoelewa."

Akacheka kidogo, kwa fahari. Kaka huyo alikuwa Chande.

Tafsiri ya bango, niliyoiandika baada ya kutembea na mhandisi, ilikuwa mkobani. Kuisoma mbele ya mwananchi wa Tamkoni lilikuwa kosa, kwangu na kwake. Nakiri kwamba nilimshukuru kwa maji ya kunywa, nikapanda kilima na karatasi yangu mkobani. Nilijiambia kwamba mkalimani hawaanzishii watu mazungumzo. Naandika hili kwa sababu baadaye wapo waliosimulia habari hizi wakanifanya mimi ndiye shujaa, na sivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya Ijumaa nilimngoja Chande kwenye ngazi za Halmashauri. Nikamweleza nilichosikia kwa dada yake, kwamba kesho mdomo wa kinamasi unazibwa. Nikamwambia pia kwamba nimeziona kope zake. Hakukana. Alisema mwaka wa saba maneno yalianza kumfungukia moja baada ya jingine, bila yeye kutaka, kama mtu anavyozoea sauti za nyumba ya jirani. Mwanzoni alipiga kengele. Baadaye akaona kila karatasi anaielewa, na kama angepiga kila mara wangesema amepatwa na maradhi, wamwondoe. Hakutaka kuondolewa. Alikuwa amezoea kuheshimiwa.

Nikamnyooshea karatasi yangu. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Siihitaji," alisema.

Jumamosi walifika kama watu mia mbili, na mikokoteni sita. Chande alikuja akiwa na sare yake ya kijani, na watu wakampisha kwa sababu ya sare. Akapanda juu ya kifusi kilichorundikwa karibu na mdomo, akaomba kazi isimame. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Maji hayatokei hapa," alisema. "Hapa yanapumzika. Yanashuka kilimani na haraka yake, yanaingia humu, yanakaa, halafu yanakuja kwetu kidogo kidogo. Tukipaziba leo, mvua ijayo itapita moja kwa moja mpaka vyumbani."

Sikitu alikuwa mbele, karai kichwani.

"Nani kakwambia?"

"Bango."

"Bango huelewi, kaka. Ndiyo kazi yako."

"Nalielewa."

"Tangu lini?"

"Tangu liliposomwa. Mwaka mmoja na miezi miwili."

Sikitu alilishusha karai taratibu, akaliweka juu ya goti. Akasema kwamba Jumamosi zote hizo kaka yake alikuwa akipita pale akiwaona wakijaza. Chande akakubali. Nilifikiri yameishia hapo. Lakini Sikitu alikuwa mtu wa kupima kitambaa mara mbili kabla ya kukata, na nilimwona akirudi nyuma katika mawazo, hatua kwa hatua.

"Kama hapa maji yanapumzika," alisema, "siku ile mbona hayakupumzika?"

"Kinamasi kilikuwa kikubwa mara mbili. Nusu ya juu waliijaza wakajenga uwanja."

"Na hilo nalo lilisomwa mbele yako."

"Lilisomwa."

"Ulielewa?"

Nimetafsiri kesi nyingi za mauaji, na namjua mtu anavyoonekana akiwa bado anaweza kudanganya. Chande alikuwa bado anaweza. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Nilielewa, dada," alisema. "Sikupiga kengele."

Sikitu hakupiga kelele. Alikimwaga kile kifusi palepale aliposimama, nje ya kinamasi, akaligeuza karai, akalikalia. Alikaa hivyo, mgongo ukiwa umeelekea kwa kaka yake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Baada ya hapo mambo yakawa kama Bwana Mukhtari alivyotabiri: kila mtu akawa na maoni. Mmoja akauliza habari ya mbu. Kinyozi mmoja aitwaye Hizza akasema yeye aliahidiwa kibanda kwenye soko jipya ambalo lingejengwa pale pakishakauka, na kama soko halipo basi alikuwa akibeba kifusi kwa faida ya nani. Akaitwa Mhandisi Shaibu. Alikuja mbio, akaanza na ustahimilivu wa kihaidrolojia, akakatishwa na kuambiwa aanze upya. Akaanza upya. Akakatishwa tena. Mara ya tatu alianza na maji, na wakamsikiliza hadi mwisho.

Alipomaliza, Bi Mboni, aliyekata mafunjo ya kusukia mikeka pale kwa miaka thelathini, akamwambia mpango wake una upungufu. Upande wa magharibi palikuwa na mfereji wa zamani ambao maji yakizidi yalikuwa yakipita kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Halmashauri waliuziba kwa matofali walipojenga uwanja. Ukizibuliwa, kinamasi kitabeba maji mengi zaidi. Na mbu, alisema, hawazaliani kwenye maji yanayotembea. Wanazaliana kwenye madimbwi yaliyotuama katikati ya kifusi, na hayo wameyatengeneza wenyewe. Mhandisi hakuwa anaujua mfereji huo. Haumo katika ramani yoyote. Akamwomba amwonyeshe, na wakaondoka wawili wale wakipekua majani, mzee wa mikeka mbele na msomi nyuma.

Ubishi ulikwenda hadi adhana ya alasiri. Wengi wakakubaliana kuacha mdomo wazi na kuzibua mfereji. Watu kama thelathini walikataa, wakaenda zao. Hizza alikuwa mmoja wao, na mpaka naondoka Tamkoni alikuwa bado na hasira.

Kuanzia Jumapili walichimba siku nne. Sikitu hakuonekana siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alikuja na chepe lake, akachagua upande wa mbali kabisa na alipokuwa kaka yake.

Alhamisi Chande alishtakiwa kwa kosa la kuelewa. Bwana Mukhtari ndiye aliyesoma shtaka. Lilikuwa na kurasa nne, na mimi mwenyewe nilipotea katika ukurasa wa pili. Mwishoni, kama utaratibu unavyotaka, akauliza kama mshtakiwa ameelewa. Chande akasema ameelewa, na karani akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa.

Hapo mwanasheria wa Halmashauri akainuka na jambo lililowakosesha raha wote. Ikiwa Asiyeelewa alikuwa akielewa kwa miaka mitano, basi matamko mia tatu arobaini na moja yaliyopita mbele yake hayakupimwa, na yote ni batili. Uwanja ulikuwamo. Uteuzi wa Bwana Mukhtari nao ulikuwamo. Wakajadiliana asubuhi nzima. Ikapatikana njia: Chande aandike kwamba kwa kweli hakuwa ameelewa, ila alidhani ameelewa, jambo ambalo linaweza kumpata mtu yeyote. Akikubali, atarudi kwenye kiti chake. Wakampa muda wa kunywa chai afikirie. Akainywa yote, akakipindua kikombe kwenye kisahani, akasema hapana.

Walikuwa bado wanabishana afanywe nini mvua ilipoanza, saa nane mchana. Ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba mwenyekiti hakusikika. Madiwani wakasogea madirishani. Maji yaliteleza juu ya Uwanja wa Matamko kama juu ya meza, hayakunyweka hata tone, yakakusanyika ukingoni na kushuka kwa kishindo kuelekea chini. Nadhani wengi wao walikuwa hawajawahi kuyatazama. Chande hakungoja ruhusa. Alitoka akikimbia, nami na mhandisi tukamfuata.

Ilinyesha mpaka jioni ya siku ya pili. Tulikesha kwa zamu na watu wa Bondeni kwenye mfereji, tukiondoa magogo na takataka. Kinamasi kilipanda hadi mafunjo yakabaki vichwa tu. Mfereji wa Bi Mboni ulijaa, ukapeleka maji mpungani. Hata hivyo maji yalifika mtaani. Yaliingia nyumba kumi na nne, nyingine hadi kifundo cha mguu, nyingine hadi goti, na kesho yake adhuhuri yalikuwa yametoka. Hakuna aliyekufa. Nyumba ya Sikitu ilikuwa mojawapo ya zile kumi na nne, kwa sababu mbele yake ndipo walipoanzia kujaza mwaka jana, na hatukuwahi kupachimbua. Kila mtu aliijua sababu hiyo. Hakuna aliyeitamka mbele yake.

Chande aliachishwa kazi, wakachukua sare. Tangazo la nafasi yake likatolewa, wakaja waombaji saba kutoka Bondeni. Wote waliposomewa tamko la majaribio waliipiga kengele. Baadhi waliipiga kwa kuwa wameelewa. Waliobaki walisema hawajaelewa na wanataka lisomwe tena, polepole, na jambo hilo sheria haikuwa imelifikiria. Bila Asiyeelewa hakuna tamko linaloweza kufuzu, kwa hiyo Halmashauri ikaanza kutoa kile ilichokiita taarifa za muda, kwa maneno ya kawaida. Bwana Mukhtari aliweka sahihi kwenye kila moja, na chini yake akaandika kwa mkono kwamba ni za muda.

Nilipokwenda kumuaga alikuwa amechoka. Akanimiminia chai, akaniambia kwamba kila asubuhi sasa kuna foleni mlangoni kwake ya watu wenye maoni. Nilimwuliza kama maoni yenyewe ni mabaya. Akafikiri kwa uaminifu.

"Mengine ni mazuri," alisema. "Hilo ndilo linaloninyima raha."

Jumamosi ya mwisho nilishuka Bondeni kuwaaga wengine. Watu walikuwa wakitoa kifusi kwenye kinamasi, makarai manne kila nyumba kama zamani, ila sasa yalikuwa yanatoka. Mhandisi Shaibu alikuwa amekaa chini na Bi Mboni, akichora mfereji kwenye ramani huku akikosolewa. Mbele ya nyumba ya Sikitu, pale penye kifusi cha mwanzo kabisa, kulikuwa na kipande kikubwa cha zege kilichodidimia topeni. Sikitu alikuwa peke yake. Alikisukuma kwa mtaimbo mara kadhaa, hakikutikisika.

Chande aliacha mkokoteni wake, akamwendea. Alisimama hatua chache kutoka kwake, mikono chini. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Sijakusamehe," Sikitu alisema, bila kugeuka.

"Najua."

"Wala sijui kama nitakusamehe."

"Najua, dada."

Sikitu akajipangusa tope mikononi kwa pindo la kanga. Akakitazama kile kipande cha zege, akazunguka upande mmoja, akainama.

"Basi shika huko," alisema.

Wakakiinua kwa pamoja, wakakibeba hatua sita hadi kwenye mkokoteni. Waliporudi, shimo lilikuwa limeshaanza kuingia maji.